Majina Mawili, Mapazia Manne

Pini alipita mbele ya karakana ya Fundi bila kugeuza shingo, kama mtu mwenye haraka zake. Alipofika kwenye duka la viatu akasimama, akajifanya anachagua ndala, kisha akarudi. Akapita tena. Muuza viatu, mzee mwenye ulimi usiotulia, akamuuliza kama barabara hiyo ameinunua au ameikodi tu. Pini akacheka cheko la kuazima, akahisi uso umemuwaka, akavuka na kuingia kabla miguu haijamsaliti kwa mara nyingine.

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya solda. Nyuzi za taa zilining'inia kutoka darini mpaka juu ya meza, nyingine zikiwaka, nyingine zimekufa. Fundi alikuwa ameinama, anachuna ganda la waya kwa ncha ya wembe. Aliinua macho, akamwona, akayarudisha kwenye waya.

"Karibu, dada," alisema.

Pini alijiandaa kwa hasira. Alijiandaa hata kufukuzwa. Kwa neno hilo hakujiandaa. Dada ni kila mteja aliyeingia pale na taa iliyoungua. Mtu huyu alikuwa akimwita Pini, na alivyolitamka jina hilo, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa mezani, lilikuwa jambo ambalo msichana aliondoka nalo kila jioni na kulala nalo.

Kazi ya nyumba yao ilikuwa mapambo. Mama yake alipamba ukumbi wake wa sherehe na kumbi za watu wengine, na Pini alishona mapazia, vitambaa vya meza na mafundo ya viti. Tangu utotoni alibana pini midomoni wakati wa kupima kitambaa, na jina likamganda hapo. Siku hizi hata wateja hawakujua jina jingine. Fundi aliletwa na mama mwenyewe, mapazia ya taa yalipoanza kupendwa, yale ya bei nafuu ambayo nyuzi zake hushuka kutoka waya mmoja wa juu na kila taa ndogo huweza kuwaka rangi yake peke yake. Mama alitaka mvua ya dhahabu inyeshe nyuma ya maharusi. Pini alitaka kujua mvua hiyo inajuaje pa kunyeshea.

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza Fundi swali hilo. Watu humuuliza bei, humuuliza lini atamaliza. Siku ile aliweka chini koleo lake, akamwonyesha nyaya tatu: chanya na hasi za kubeba umeme, na wa tatu, mwembamba, wa kubeba maagizo. Akamweleza kwamba kila taa katika mapazia yale hutoka kiwandani na namba yake. Kontrola, kidude chenye ukubwa wa kiberiti, hupitisha maagizo kwenye ule waya mwembamba: namba fulani iwe nyekundu, namba fulani izime. Taa zote husikia, lakini huitika ile iliyotajwa tu.

"Na ukifunga mapazia mawili kwenye kontrola moja?" Pini aliuliza.

"Namba zao ni zilezile. Yataitika yote mawili, sawasawa. Kama mapacha waliopewa jina moja."

Basi akampa pazia dogo la kujifunzia, mojawapo ya yale aliyoyanunua mama, akamtundikia kwenye stoo ya ukumbi, kati ya majora ya vitambaa. Kwa simu yake Pini akajifunza kuchora samaki, kisha nyota, kisha herufi, nukta kwa nukta, na kuzifanya zitembee. Fundi alisimama nyuma yake ameegemea rafu, mbali kiasi cha heshima, karibu kiasi cha kusikika akipumua. Siku moja alinyoosha mkono kumwonyesha kitu kwenye kioo cha simu, kidole chake kikagusa cha Pini, na wote wawili wakabaki wanatazama samaki kwa makini ambayo samaki yule hakustahili. Hawakuwahi kutamkiana neno. Kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze, na kungoja kwenyewe kulikuwa kutamu.

Mambo yaliharibika kwenye harusi ya dada yake mkubwa.

Sherehe ilifanyika alasiri, katika ukumbi wao wenyewe, madirisha yamefunikwa vitambaa vizito ili taa zionekane. Nyuma ya meza ya maharusi yalining'inia mapazia manne makubwa ya taa, ubavu kwa ubavu. Kabla wageni hawajakaa sawasawa, kontrola ya mapazia hayo ikaungua. Fundi hakuwa na nyingine, na hapakuwa na muda wa kutuma mtu dukani. Akafanya lile ambalo fundi yeyote mwenye akili angelifanya. Mapazia makubwa yalikuwa na umeme wake, yamekosa maagizo tu. Basi akavuta nyaya mbili nyembamba, wa maagizo na wa hasi, kutoka kwenye kontrola ya lile pazia dogo la stoo, akazipitisha juu ya fremu ya mlango na kuzibandika kwa tepu nyeupe kufuata mshono wa kitambaa. Mvua ya dhahabu ikarudi. Alikwenda kumwambia Pini kwamba kwa leo asiliguse pazia lake, lakini Pini alikuwa chumbani anambandika bibi harusi shela, na wasimamizi wakamfukuza mlangoni wakimwambia huku hawaingii wanaume.

Sherehe ikaenda vizuri mpaka mjomba aliposimama kusema. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa mahali pa baba tangu baba alipofariki, na alipenda kusema. Alimsifu bwana harusi, akaisifu familia, kisha akageuka kidogo kwa kijana aliyekaa mkono wake wa kulia, mhasibu mtaratibu mwenye shingo ndefu, akasema kwamba katika nyumba hii amebaki ua moja, na bustani haikosi mtunza bustani. Watu wakapiga makofi. Mhasibu akarekebisha tai. Mama akatabasamu huku akimtafuta Pini kwa macho.

Pini aliyakwepa macho hayo. Akaponyoka, akaingia stoo, akafunga mlango. Pazia lake dogo lilikuwa pale linanyesha dhahabu, zuri na jinga, halijui lolote. Akatoa simu. Lile ambalo hakuweza kumwambia mama, wala mjomba, wala mwenyewe mhusika, aliliandika pale kwa herufi nyekundu, kama watoto wanavyoandika ukutani kwa mkaa: PINI NA FUNDI. Akalitazama likitembea kutoka kulia kwenda kushoto. Alitaka alione likipita mara moja tu, kisha alifute.

Ndipo sauti ya mjomba ikakatika ukumbini. Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko kikapokewa meza kwa meza.

Pini alifungua mlango na simu mkononi. Nyuma ya kichwa cha mjomba, kwa herufi zenye kimo cha mtu mzima, yalitembea majina mawili. Si mahali pamoja, bali katika mapazia yote manne kwa wakati mmoja, kana kwamba kuna mtu aliyeogopa kuwa waliokaa pembeni hawatasoma vizuri.

Fundi alikuwa chini ya ngazi yake. Aliyatazama maandishi, akaufuata mkanda wa tepu nyeupe kwa macho mpaka mlango wa stoo, akamwona Pini, akaiona simu. Pini alimwona anaelewa. Kisha akamwona anatembea mpaka katikati ya ukumbi.

"Ni mimi," alisema mbele ya watu wote. "Ni ujinga wangu. Binti hahusiki."

Mama alikuwa amekwisha kumfikia Pini. Alimshika kifundo cha mkono, akamvuta mbele, akauliza kwa sauti ambayo meza za nyuma ziliisikia, "Huyu ni nani kwako?"

Na Pini, ambaye simu ilikuwa bado na joto kiganjani mwake, akajibu, "Ni fundi tu, mama. Simjui."

Mama akaamuru mapazia yote, hata lile la stoo, yashushwe pale pale na kurudishwa karakanani. Fundi akapanda ngazi wageni wakiwa na sahani mapajani. Mtu akamwambia aandike na namba ya simu, labda atapata mwingine. Watu wakacheka tena. Alifungua kulabu moja moja, amewapa ukumbi mgongo, shati limeganda mgongoni kwa jasho. Pini alitazama sakafu. Alitazama sakafu mpaka mlango wa nje ulipofungwa.

Hilo ndilo alilokuja nalo karakanani asubuhi hii, na sasa lilikuwa limekwama mdomoni.

"Nimekuja kukushukuru," alisema, na papo hapo akajua kwamba ameokota neno lisilostahili.

"Hakuna shukrani, dada."

Akamuuliza kama kazi zinaendelea. Fundi akajibu kwa adabu. Kumbi tatu zilizokuwa zimempa kazi zilimpigia kusema wamepata mtu mwingine. Mama yake Pini anajulikana, na neno lake hufika kabla ya mtu. Mjomba naye amemtumia ujumbe afike nyumbani kwa kina Pini kesho alasiri, aombe radhi mbele ya familia, ili mjomba awe na la kuwapelekea watu wa mhasibu.

"Hutakwenda," Pini alisema.

"Nitakwenda."

"Uombe radhi kwa kosa langu?"

"Nilikwisha kulichukua. Siwezi kulirudisha nusu ya njia." Alipuliza vumbi la ganda la waya. "Na nusu ni langu pia. Nilipaswa nigonge ule mlango wa bibi harusi mpaka nikuone."

Pini alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Akaomba amwambie kama amemkasirikia. Akamwambia ni heri amtukane kuliko kumwita dada. Fundi aliweka wembe chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama usoni, na Pini akatamani asingetazamwa.

"Mzigo nilijitwisha mwenyewe," alisema. "Nilikuona mlangoni, nikajua. Na nikwambie kweli, kabla sijaogopa nilifurahi. Kwa muda wa kufumba jicho, mule ndani mwenye harusi nilikuwa mimi. Halafu mama yako akakuuliza."

Pini aliangalia wembe mezani.

"Ungesema ni fundi tu, ningemeza. Ni kweli, mimi ni fundi, sina jingine. Lile la pili ndilo limenikaa hapa." Akagusa koo. "Kila nikila nalikuta."

"Niliogopa."

"Najua. Hata mimi ni mwoga. Naogopa ngazi."

Pini alidhani anataniwa, lakini Fundi hakucheka. Alieleza, akiwa amegeukia nyaya zake, kwamba toka aanze kazi hii hakuna siku aliyopanda ngazi bila miguu kutetemeka. Hutazama ukuta, huhesabu kulabu, hushuka. Hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu nani atampa kazi fundi wa mapambo anayeogopa kupanda. Siku ya harusi, alisema, alipopanda kuyashusha mapazia, ilikuwa mara ya kwanza kupanda bila woga wowote. Alikuwa hana nafasi ya kuuweka.

Pini alizuia machozi kwa kuuma mdomo pale pale ambapo pini zake hukaa. Aliona kwamba akilia, mtu huyu atambembeleza, na kubembelezwa huko kungekuwa deni jingine asiloweza kulibeba. Akasimama. Akaomba arudishiwe pazia dogo la stoo, pamoja na moja la yale makubwa.

Fundi alimtazama kidogo. "Chukua. Ni mali ya mama yako."

Hakuuliza ya nini. Aliyazungusha kwenye kadibodi, uzi juu ya uzi, kama alivyomfundisha ili zisisokotane, akamkabidhi mfuko kwa mikono miwili.

"Kwaheri, dada."

Jioni ile Pini alimfuata mama jikoni akiwa amekwisha kupanga maneno. Mama alikuwa anaosha vyombo, na kwa siku hizo chache alikuwa amezeeka. Kabla Pini hajafungua kinywa, mama akaukausha mkono wake kwenye kanga, akamshika shavu.

"Kesho yakiisha tutapumua, mwanangu. Watu wamesema mengi. Lakini mimi nalala, kwa sababu najua hukuwa wewe."

Pini akasema ndiyo, mama. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa sahani, na maneno yote aliyoyapanga yakazama kwenye beseni la maji ya sabuni. Hakuna kofi ambalo lingemuuma kama ule mkono wenye unyevu shavuni. Akiwa kitandani aliwaza kwamba mara ya kwanza alimkana mtu kwa woga. Hii ya leo amemkana tena bila hata kuulizwa.

Kesho yake, mama alipokwenda kumpokea mjomba kituoni, Pini aliingia sebuleni na mfuko. Alitundika pazia kubwa dirishani na lile dogo mlango wa pili, ule wa chumba cha kushonea. Kila moja akalipa adapta yake ya umeme. Kisha akavuta waya mwembamba kutoka kwenye kontrola ya dogo mpaka kwenye kubwa, akaubandika kwa tepu nyeupe juu ya fremu ya mlango kama alivyoona kwenye harusi. Shangazi, dada yake marehemu baba, aliyekuwa amefika mapema kama kawaida yake panapotarajiwa mambo, alikaa kwenye kochi akimtazama na kutafuna karanga.

"Unapamba?" shangazi aliuliza. "Mtu anakuja kusutwa, wewe unamwekea mapambo."

Pini akasema ataona.

Mjomba alikaa kiti cha kichwa, mama pembeni yake. Aliyaona mapazia, akakunja uso, lakini kabla hajauliza mlango ukabishwa. Fundi alisimama kizingitini amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama karatasi. Aliwaamkia wakubwa wote. Mjomba aliitikia bila kumkaribisha kiti, akakohoa, akaanza kueleza historia ya jina la familia yao, jinsi lilivyotunzwa, na jinsi mtu asiye na kazi ya maana anavyoweza kulichafua kwa kubonyeza kidude. Fundi alisikiliza kichwa kimeinama. Mjomba alipopumzika, akasema, "Wazee wangu, nimekuja kuomba radhi kwa..."

"Mjomba, naomba niseme," Pini alikatiza.

"Subiri, mwanangu. Huyu amalize."

"Akimaliza itakuwa uongo umekamilika."

Shangazi aliacha kutafuna. Pini alikwenda kwenye ukuta akachomeka adapta zote mbili, kwa sababu alijijua: akianza kwa maneno, maneno yatamponyoka kama yalivyomponyoka jikoni. Pazia dogo likaanza kunyesha dhahabu taratibu. Lakini lile kubwa la dirishani likapatwa wazimu. Likatoa kijani, zambarau, nyeupe, taa zinarukaruka bila mpango, kama watu wanaogombea mlango. Pini alibonyeza simu. Halikusikia. Akabonyeza tena.

"Nini hiki?" mama aliuliza.

Pini aligeuka, akamtazama Fundi. Yeye alikwisha kuona. Tangu aingie macho yake yalifuata mkanda wa tepu, yakajua kinachofanyika, yakajua na kilichosahaulika. Alitikisa kichwa, polepole.

"Acha, Pini," alisema kwa sauti ya chini. "Acha tu yaishe."

Alimwita Pini. Mbele ya mjomba, mbele ya mama, jina lile liliwekwa mezani kama zamani, bila tone kumwagika. Pini alihisi mgongo unanyooka.

"Niambie kilichobaki," alisema.

Mjomba aliuliza hawa wanazungumza nini. Pini hakuyaondoa macho kwa Fundi.

"Tafadhali. Siku ile ulinisaidia kunyamaza. Leo nisaidie kusema."

Taa za dirishani ziliendelea kuhangaika.

"Hasi," alisema Fundi mwishowe. "Umeunga maagizo peke yake. Hasi za pande zote mbili lazima zishikane. Bila hivyo halielewi linaambiwa nini."

Pini alichukua mkasi wa kushonea, akakata kipande cha waya, akachuna ncha kwa meno kama mtu aliyesahau adabu, akaunganisha. Pazia kubwa likashtuka, likatulia, likaanza kunyesha dhahabu sawasawa na lile dogo, tone kwa tone.

Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya mama, akashika simu mahali mama anapoweza kuiona, akaandika. Aliandika herufi moja moja, na hakuharakisha, ingawa kila herufi ilimchoma kama kuvuliwa nguo mbele ya watu. P. I. N. I. Alipofika nusu ya jina la pili alihisi masikio yanawaka na vidole vimekuwa vya mtu mwingine. Akamaliza. Akabonyeza.

Mlangoni pa chumba cha kushonea majina yalipita madogo. Dirishani yalipita makubwa. Yalipita tena.

"Siku ya harusi mapazia manne yalikuwa yamefungwa kwenye hili dogo langu," Pini alisema. "Sikujua. Nilikuwa stoo. Niliandika mimi, mama. Yeye hakuandika hata nukta. Alisimama pale akabeba, na mimi nikamwacha abebe. Na jana jioni uliponishika shavu, nikakuacha uamini."

Hilo la mwisho ndilo lililomvunja sauti. Mama alikuwa anatazama dirishani, macho yamesinyaa kwa kukosa miwani, midomo inatembea.

Mjomba alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Sasa watu wale nitawaambia nini?"

"Waambie taa zilikuwa hazina hitilafu," alisema shangazi, akarudi kwenye karanga zake. "Utawaambia nini kingine."

Mama alimgeukia binti yake. Hakumshika mkono safari hii. Aliuliza polepole, na sauti yake haikuwa ya ukumbini. Ilikuwa ya jikoni. "Nilikuuliza kitu mbele za watu, ukanijibu. Nakuuliza tena. Huyu ni nani kwako?"

Pini aliinua uso. Akaelekeza kidole dirishani.

"Soma, mama."

Mama alisoma. Alisoma kwa sauti, kwa kukatakata, kama mtoto wa darasa la kwanza, mara moja, na yalipozunguka akasoma tena. Kisha akaweka mikono mapajani, na Pini akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika maisha yake yote: mama yake anatazama sakafu. Alikuwa akiikumbuka ngazi. Alikuwa akikumbuka sahani mapajani, na vicheko, na shati lililoganda kwa jasho, na nani aliyeamuru.

"Kijana," alisema bila kuinua uso, "ingia ukae."

Fundi alijibu kwamba hapo alipo panamtosha, mama, asisumbuke.

"Kaa, nimesema. Nataka kukuomba radhi, na siwezi kukuomba ukiwa umesimama mlangoni kama mtu anayedai."

Kiti kilichobaki, kando ya mlango wa chumba cha kushonea, kilikuwa kimejaa vitambaa vya kushonea. Pini alikimbilia kuviondoa, akavikumbatia vyote kifuani pamoja na pini zake, na hakuthubutu kutazama juu Fundi alipopita karibu yake. Alisikia hatua zikisimama. Kabla ya kukaa, mtu yule alinyoosha mkono juu ya bega la Pini na kubonyeza kwa kidole gumba kipande cha tepu nyeupe kilichokuwa kinabanduka kwenye fremu ya mlango.